Kilomita nyingi si ubovu wa gari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wanaotafuta gari lililotumika, hasa wale wanaolikataa kwa sababu tu mita inasoma kilomita 200,000. Gari lililozoea safari ndefu za barabara kuu, likabadilishwa oili kwa wakati, mara nyingi huwa na injini nzima kuliko lililotembea kilomita 80,000 za foleni na safari fupi, ambazo injini haipati hata muda wa kupata joto sawasawa.

Isitoshe, mita hurudishwa nyuma. Niliwahi kuoneshwa gari lenye kilomita 70,000, lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi chuma kinaonekana, na ngozi ya usukani imesuguliwa ikang'aa. Niliondoka.

Nawasihi wanunuzi walikute gari likiwa baridi, maana lililokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka na moshi wa mwanzo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua; utando mzito mweupe chini ya kifuniko cha oili huweza kumaanisha kuwa maji ya rejeta yanaingia kwenye injini. Waombe na risiti za matengenezo, hasa ya mkanda wa taiming, unaofanya pistoni na valvu za injini ziende kwa mpangilio, kwani katika injini nyingi mkanda huo ukikatika pistoni hugonga valvu, na unafuu wote wa bei huishia gereji. Asiyejua injini aende na fundi wake mwenyewe, si aliyeletwa na muuzaji.

Msomaji wako