Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayedai kifaa chake cha gofu

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, na nimeusoma kwa utulivu ambao nadhani hukuutarajia. Unataka nikurudishie PSP yako, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea gofu ya kwenye skrini, na umeandika kwamba kuendelea kukaa nayo wakati msiba umeshakwisha ni wizi. Nakujibu hapa, mbele za watu, kwa sababu wewe ndiwe uliyeanza kulitoa jambo hili nje: ulianza kwa shangazi, ukapita kwa binamu zetu mmoja mmoja, na kila aliyenipigia simu alikuwa ameshalishwa upande mmoja wa habari. Basi na huu wa pili wausome.

Kwanza nikuondoe wasiwasi. Kifaa kipo salama. Sijakiuza, sijampa mtoto akichezee, wala sijaufuta mchezo wako. Kadi ya kumbukumbu ni ile ile, na yule mchezaji wako uliyemvalisha kofia isiyomkaa bado anasubiri zamu yake. Kama ningekuwa na nia mbaya ninayosingiziwa, ingetosha kubonyeza vitufe viwili tu, na hata hivyo sikuvibonyeza.

Ndiyo, nimekuwa nikiucheza. Binamu alisema kweli alipokwambia.

Unanijua kwamba siwezi kushika kitu bila kutaka kujua kimetoka wapi, kwa hiyo nilisoma. Nimejua kwamba gofu hii unayoipenda, Everybody's Golf, ilianza mwaka 1997 kwenye PlayStation ya kwanza, ikatengenezwa na kampuni ya Camelot. Kwamba baadaye kazi ikashikwa na kampuni nyingine, Clap Hanz, ambao ndio waliotengeneza toleo la PSP la mwaka 2004. Na kwamba Camelot wenyewe walikwenda upande wa Nintendo, washindani wa PlayStation, na mwaka 1999 wakatoa Mario Golf. Nilicheka peke yangu nilipofika hapo. Miaka yote ile tulibishana kama nyumba mbili zenye uadui, wewe ukisema Mario Golf ya Game Boy Color, kile kifaa cha mkononi cha Nintendo, haina mpinzani na mimi nikisema ni mchezo wa kitoto, kumbe mikono iliyoanzisha huu ndiyo iliyotengeneza na ule.

Unaikumbuka ile Game Boy Color? Skrini yake haikuwa na mwanga wake yenyewe, na usiku ilitulazimu kujibana chini ya taa hadi vichwa vinagongana. Mama alikuwa anakuja na tochi, anasimama nyuma yetu, anatumulikia, huku akisema atahesabu hadi mia halafu twende kulala. Alikuwa akifika tisini anaanza kuhesabu polepole. Betri zilipokwisha ni yeye aliyekuwa akitoa mbili kwenye redio yake, na sijapata kumsikia akizidai. Hayo hujamwandikia shangazi, ingawa ndiyo yaliyotufanya mimi na wewe tuujue mchezo huu.

Hata wakati ule ulikuwa na tabia moja. Mchezaji alipopanda daraja na kupewa nafasi ya kuimarishwa, wewe ulikuwa unaongeza umbali, kila mara umbali, ilhali mchezo wenyewe ulikuwa unakuonyesha kwamba ukiongeza umbali, udhibiti unapungua. Ulifika mahali mpira wako unaruka mbali kuliko wa mtu yeyote na hakuna ajuaye utaangukia wapi. Nimefungua rekodi zako kwenye PSP na nimekuta ni wewe yule yule. Kwa hiyo niruhusu nikushauri, maana nimekuwa na muda wa kujifunza, na sasa hivi nina hakika nakushinda.

Kitufe ni kimoja, na kinabonyezwa mara tatu. Mara ya kwanza mstari wa kupimia nguvu unaanza kutembea, mara ya pili unaamua nguvu, na mara ya tatu, mstari unaporudi, unaamua kama mpira utakwenda ulikoulekeza au utapinda. Wewe una jicho zuri la mara ya pili, hilo nalikubali. Tatizo lako ni ya tatu. Unaiwahi. Nguvu ikishapatikana unadhani kazi imekwisha, unabonyeza kwa papara, na mpira unaingia kwenye nyasi ndefu au kwenye mchanga, halafu unalaumu upepo, wakati upepo umeandikwa pale juu pamoja na mwelekeo wake, na tofauti ya mwinuko kati yako na shimo nayo imeandikwa. Mpira unapokuwa karibu na shimo, kwenye zile nyasi fupi, mteremko umechorwa wote mbele yako, na bado unasukuma kana kwamba ardhi ni tambarare. Ukiwa unashuka, punguza nguvu. Ukitaka mpira ukianguka urudi nyuma badala ya kuviringika, shikilia mshale wa chini wakati wa kugonga. Ukipiga dhidi ya upepo, chukua fimbo ndefu zaidi, usitegemee mabavu. Na ile mara ya tatu, isubiri.

Kusubiri ndiko kazi yenyewe, na ndiko kulikoniangukia mimi katika ugonjwa wote wa Mama. Nani alisimama kwenye foleni za vipimo? Nani alibeba faili, akarudishwa, akalibeba tena, akatia saini pale ambapo hakuna mtu mwingine aliyetaka jina lake lionekane? Unasema wewe ndiwe uliyekaa kitandani kwake. Ni kweli ulikaa. Lakini kukaa kunawezekana tu pale ambapo mwingine anatembea, na usiku ule pia nilikuwa natembea, kwa sababu karatasi ilihitajika na ilitakiwa iwe na saini yangu.

Naileta sasa habari ya usiku ule, na ninajua ndiyo uliyoikimbia katika ujumbe wako wote.

Nilikuwa nakuja kwenye ule ujia mrefu, karatasi mkononi, na kabla sijafika mlangoni nikasikia makofi. Nilisimama. Kwa muda mfupi nilidhani kuna watu wengi ndani, nikafikiri labda ni jamaa wamekuja na kuna habari njema, kwamba amefumbua macho, kwamba ameongea. Nikaharakisha. Nilipoingia, muuguzi alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda akitazama saa ya ukutani, na wewe umekaa pale pale, kifaa mapajani, mwanga wa skrini umekupiga kidevuni, na hujanitazama. Makofi yalikuwa yanaendelea. Mpira wako ulikuwa umeingia shimoni, na wale watu wadogo wasiojua chochote walikuwa wanashangilia, na Mama alikuwa ameshaondoka. Hukukizima. Ni mimi niliyekuja nikakitoa mikononi mwako, na ndipo kilipoanzia kukaa kwangu.

Nimejifunza baadaye, na natamani nisingejua, kwamba upande wa kulia wa kifaa hicho kuna swichi ndogo ambayo ukiisukuma juu mara moja na kuiachia, kila kitu kinalala. Skrini inazimika, sauti inakatika, na ukiiamsha kesho au keshokutwa unaukuta mpira hapo hapo ulipouacha, hata kama ulikuwa hewani. Kifaa kizima kilibuniwa ili mtu aweze kukiacha wakati wowote bila kupoteza kitu. Hilo ndilo ninalokuuliza, na hujanijibu: kilichohitajika kilikuwa ni kidole gumba tu. Kwa nini hakikusogea?

Umemwambia shangazi kwamba Mama ndiye aliyeomba uongeze sauti, kwamba alikuwa anapenda kusikia makofi, na kwamba kila mpira ulipoingia alikuwa anakufinya mkono. Sitakuita mwongo. Nasema tu kwamba shahidi wako hawezi kuulizwa. Ni kweli kwamba nilipokiwasha kwa mara ya kwanza nyumbani nilikuta sauti imepandishwa hadi mwisho na mwanga wa skrini umeshushwa hadi chini kabisa, jambo ambalo mchezaji hafanyi kwa raha yake mwenyewe, kwa sababu mteremko hauonekani vizuri. Nimelitaja kwa ajili ya haki. Lisitumike kuthibitisha zaidi ya lilivyo.

Halafu umeniandikia habari za Jack Nicklaus, mchezaji gofu wa Marekani. Umesema kwamba mwaka 1969, kwenye Kombe la Ryder, shindano la timu ya Marekani na ya Uingereza, kule Royal Birkdale, shimo la mwisho la mchezo wa mwisho, Tony Jacklin wa Uingereza akiwa amebakiwa na mpigo mfupi ambao angeukosa timu yake ingeshindwa, Nicklaus aliokota alama iliyoonyesha mpira wa mpinzani wake ulipokuwa na kuuhesabu mpigo huo umeingia bila kumlazimisha kupiga, wakamaliza 16 kwa 16. Unataka nami niokote alama yako. Ni hadithi nzuri, na naona umeichagua kwa makini, lakini umeikata mkia. Marekani ndio waliokuwa wanalishikilia kombe, na sare iliwatosha kubaki nalo. Nicklaus alitoa ukarimu ambao haukumnyang'anya kombe, na sijui wewe unadhani mimi ningebaki na nini. Tena nahodha wake mwenyewe, Sam Snead, hakufurahishwa. Kwenye PSP yako mimi naupiga mpira mwenyewe hadi uingie, hata ukiwa umesimama ukingoni. Naona hiyo ni kanuni ya haki zaidi.

Lakini nimesoma na kingine, na hiki nakuandikia bila ubishi. Satoru Iwata, yule aliyekuja kuwa rais wa Nintendo, ndiye aliyeandika programu ya mchezo wao wa gofu wa mwaka 1984, mashimo yote 18 ndani ya kasha dogo la wakati ule. Alifariki tarehe 11 Julai 2015. Mwaka 2017, Nintendo Switch ilipotoka, watu waligundua kwamba ndani yake umefichwa mchezo ule ule wa 1984, nao ulifunguka tu pale saa ya kifaa ilipoonyesha tarehe 11 Julai na mtu akasogeza mikono kwa ile ishara aliyokuwa akiifanya Iwata alipozungumza na watazamaji. Kampuni haikutangaza. Baadaye uliondolewa. Nilipoisoma habari hii nilikuwa nimekishika kifaa chako, nikakiweka chini, nikakaa. Watu wazima, wenye kazi zao, waliona kwamba gofu ya kwenye skrini inafaa kumkumbuka nayo marehemu. Wao hawakuiwasha mtu akiwa anakata roho, hiyo ni tofauti, na sitaifuta. Ila niliona nikuambie.

Kwa hiyo nisikilize. Kifaa ni chako na sijawahi kusema vinginevyo. Njoo ukichukue wewe mwenyewe, usimtume binamu, maana nitamrudisha mikono mitupu kama nilivyomrudisha mara ya kwanza. Ukija, nitataka unionyeshe lile shimo la usiku ule, ulikuwa umebakiwa na umbali gani na uliusukuma kwa nguvu kiasi gani, kwa sababu mimi nimelijaribu kutoka kila upande na siwezi kuamini kwamba uliliingiza skrini ikiwa na giza namna ile. Rekodi zangu zisifutwe. Na chaja uliondoka nayo wewe siku ya mazishi. Hii ninayotumia nimeinunua kwa fedha yangu, nayo itabaki hapa.

Dada yako