Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Madarasa ya Jioni ya Watu Wazima, Tanga

Ndugu Wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awasilishe mbele ya Mkutano Mkuu taarifa ya kazi za mwaka kabla mweka hazina hajasoma mahesabu, nami natekeleza wajibu huo kwa niaba ya Kamati Tendaji nzima. Ratiba ya vikao, orodha za mahudhurio na hesabu za fedha mmekwisha kugawiwa katika kabrasha la mkutano, kwa hiyo sitayarudia hapa. Nitatumia nafasi hii kueleza yaliyotendeka madarasani, na kujibu hoja iliyotawala mijadala yetu mwaka mzima, kwamba madarasa haya yaanze kuwa na mitihani na kutoa vyeti. Kamati haikubaliani na hoja hiyo, na wanachama mnayo haki ya kusikia sababu zake kwa ukamilifu kwa kuwa uamuzi wa mwisho ni wenu.

Nianze na ususi, uliovuta watu wengi kuliko darasa jingine lolote. Walimu wake ni wawili: bibi mmoja kutoka upande wa Pangani anayefundisha ukili, yaani ukanda wa kusukwa unaoshonwa kuwa mkeka au kikapu, na mzee aliyestaafu kazi ya korona, mtambo wa kuchakata majani ya mkonge, anayefundisha kazi za singa, yaani nyuzi, za mkonge. Katika ukili mwanafunzi hapewi nafasi ya kusuka mpaka awe amejua kuchana. Ukindu mkavu hulowanishwa ili ulainike, kisha huchanwa chane za upana mmoja. Chane zisipolingana ukili hupinda, na ukili uliopinda, hata ukishonwa kwa uangalifu wa namna gani, hutoa mkeka usiolala chini. Watu waliokuja wakitarajia kurudi nyumbani na kikapu baada ya juma la kwanza walijikuta wakichana tu, jioni baada ya jioni, na nafurahi kuwaarifu kwamba wengi wao hawakukata tamaa.

Mwanafunzi mmoja, mzee mstaafu aliyefanya kazi ya ukarani maisha yake yote, alisuka kwa majuma kadhaa ukili uliokuwa ukielemea upande mmoja, kwa sababu mkono wake wa kulia ulivuta kwa nguvu kuliko wa kushoto. Bibi hakumtamkia kosa lake mbele ya wenzake. Alihamisha kigoda chake akakaa ubavuni mwa mzee, akawa anasuka polepole mno ili vidole vyake vionekane vizuri, na kila ukili wa mzee ulipopinda aliupokea, akaufumua hadi pale ulipoanza kwenda kombo, akamrudishia aendelee. Jioni ukili uliponyooka, mzee aliutandaza juu ya meza, akaupitishia kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaongeza chane na kuendelea na kazi. Nimeeleza jambo hili kwa urefu kwa sababu linahusu moja kwa moja hoja ya mitihani. Mtihani wa mwisho wa mwezi wa kwanza ungemwandika mzee huyu kuwa ameshindwa, na mtu wa umri wake na heshima yake, akishaandikwa hivyo mbele ya watu anaoishi nao mtaa mmoja, harudi tena.

Kuhusu mkonge, sina budi kukumbusha ulikotoka. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, nayo ikapandwa upande wa Pangani. Kutokana na mwanzo huo mdogo Tanganyika ilikuja kuwa mzalishaji mkubwa kabisa wa mkonge duniani. Lakini kwa familia nyingi za mkoa huu mkonge haukuwa fahari. Ulikuwa kazi ya kipande, iliyofanywa na manamba, yaani vibarua wa mkataba, walioletwa kutoka mikoa ya mbali na hata nje ya nchi, wakakata majani alfajiri na kuhesabiwa matita kabla hawajatiwa alama kwenye kadi zao. Baadhi ya wanafunzi wetu wa darasa la singa ni watoto na wajukuu wa watu hao. Kwao, kukaa jioni kivulini, kuisokota singa pajani, kuitia rangi na kufuma mkoba kwa mpango walioupenda wenyewe, pasipo msimamizi wala hesabu ya siku, ni jambo lenye uzito ambao sisi wengine tunapaswa kuuheshimu. Mama mmoja alifuma mkoba wake wa kwanza akampelekea baba yake, aliyefanya kazi mashambani ujana wake wote, na mzee huyo alikuja mwenyewe juma lililofuata kutuonyesha namna singa ndefu inavyotenganishwa na fupi. Tangu hapo amekuwa akija mara kwa mara, na kamati imeamua alipiwe nauli kama walimu wengine.

Darasa la bao limefunguliwa jioni moja zaidi kwa ajili ya wanawake wanaoanza. Bao la kete huchezwa barazani na kila mtu katika mji huu ameliona, lakini wanawake wengi walitueleza kwamba hawajawahi kupata nafasi ya kuketi mbele ya ubao, maana baraza ni la wanaume na anayeanza huko hufundishwa kwa kuchekwa. Mwalimu alianzia mwanzo kabisa: mashimo 32, kete 64, kila mchezaji akianza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa katika shimo kuu liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na kete 22 zikibaki mkononi ili ziingizwe moja moja wakati wa kunamua. Ilidhihirika haraka kwamba hata wanaume walioangalia bao kwa miaka mingi walikuwa wakiujua mtaji tu, yaani sehemu ya mchezo ambapo kete zote zimekwisha kuingia, na hawakuwahi kuelewa kwa nini mchezaji mzuri hulinda nyumba yake wakati wa kunamua. Kwa hiyo baadhi yao waliomba kuhudhuria jioni ya wanawake. Kamati ilikataa ombi hilo kwa adabu, na badala yake ikawaongezea muda katika jioni yao ya kawaida. Naamini uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwani nafasi iliyotafutwa kwa shida isingechukua muda mrefu kurudi kuwa baraza la wanaume.

Darasa la gita la taarabu linaendelea, ingawa vyombo ni vichache na wanafunzi hulazimika kupokezana. Ni darasa linalostahili kuwepo Tanga kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa ni vikundi vya mji huu, Black Star na Lucky Star, vilivyoiingiza taarabu katika magita ya umeme na mdundo wa kuchezeka, na ni katika mji huu sauti ya Bi Shakila Said ilipopata umaarufu. Wanafunzi wengi ni watu wa makamo wanaotaka kupiga nyimbo zilizopigwa kwenye harusi za ujana wao. Mwalimu amekubali kuwafundisha kwa sikio kwanza na nadharia baadaye, na matokeo yake ni kwamba wanafunzi wanasikilizana, jambo ambalo katika muziki wa kundi ni gumu kuliko kujua vidole viwekwe wapi.

Kuogelea kule Raskazone kumefanyika kwa kufuata maji kujaa, bila ajali yoyote, na tunawashukuru waliojitolea kusimamia usalama.

Sasa nirejee kwenye hoja ya vyeti. Ililetwa na wanachama vijana kwa nia njema kabisa. Walieleza kwamba mtu aliyesoma ususi au kushona akipewa cheti ataweza kujitambulisha kwa wateja, kuomba mikopo ya halmashauri kwa kujiamini zaidi, au kupata kazi, na kwamba chama kisichotoa cheti kitaonekana ni mahali pa kupotezea wakati. Hoja hiyo ina uzito katika nchi ambayo kijana hutafuta ajira kwa miaka, na hakuna mjumbe wa kamati aliyeidharau.

Hata hivyo, yafaa tukumbuke aina hii ya elimu ilianzaje. Mchungaji N.F.S. Grundtvig wa Denmark alipendekeza shule kwa ajili ya watu wa kawaida ambazo zingefundisha kwa neno la mdomo na mazungumzo, pasipo mitihani, na shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844 kwa vijana wa mashambani. Wazo hilo lilienea nchi zote za Skandinavia. Kwetu, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 serikali, kwa msaada wa Sweden, ikaanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ili mtu mzima aliyekwisha kujua kusoma na kuandika awe na mahali pa kuendelea kujifunza bila kuulizwa alifaulu darasa la ngapi. Vyuo hivyo leo ni zaidi ya 50, na kwa sehemu kubwa vinafundisha ufundi unaopimwa na kutambuliwa, sambamba na vyuo vya ufundi stadi vya VETA vilivyotokana na sheria ya mwaka 1994. Hilo ni jema na lilihitajika. Lakini maana yake kwetu ni kwamba anayetaka cheti anayo milango ya kubisha, ilhali mfanyakazi wa bandarini, mama lishe au mwalimu mstaafu anayetaka tu kujifunza kupiga gita kwa kuwa amelipenda tangu utotoni, hana mlango mwingine zaidi ya huu wetu.

Zaidi ya hayo, cheti hubadili kazi ya mwalimu. Mwalimu anayeandaa watu kwa mtihani hana budi kuwasukuma wote kwa mwendo mmoja na kuwaacha wanaochelewa, na bibi wa Pangani asingekuwa na nafasi ya kuhamisha kigoda chake. Hubadili pia wanafunzi. Tumeshuhudia mwaka huu watu wa dini mbalimbali, wenye elimu na wasio na elimu, tajiri na fukara, wakikaa mkeka mmoja bila kuulizana nani ni nani, na sababu mojawapo ni kwamba hakuna anayeshindania chochote na mwenzake.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba chama kisitoe vyeti, bali kila mwisho wa muhula kifanye maonyesho ya wazi ya kazi za wanafunzi, yatakayohudhuriwa na ndugu na majirani, na ambapo anayependa kuuza kazi yake auze. Mwanafunzi atakayeamua kuifanya kazi hiyo kuwa riziki yake, mwalimu atamsaidia kuomba nafasi katika chuo cha ufundi na kumwandikia barua ya utambulisho. Naamini njia hii inawatendea haki vijana waliotoa hoja bila kuwanyima wazee walichokuja kukitafuta.

Katika uendeshaji, tatizo kubwa lilikuwa ukumbi. Mwenye ukumbi tuliokuwa tukiutumia alipandisha kodi katikati ya mwaka kwa kiwango ambacho hatukukimudu, tukahamia katika vyumba vya shule ya msingi kwa hisani ya uongozi wake. Tunashukuru sana, ila madawati ni ya watoto, na wazee wenye maumivu ya magoti hawawezi kuyatumia. Wanachama waliochangia mikeka na viti vya plastiki wametuokoa. Taa nazo hazitoshi kwa kazi za sindano, na hii ndiyo sababu darasa la kushona kofia za viua, yaani zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, ambalo wanachama wengi wameliomba, halikuanza. Kuzungusha uzi kwenye kiua kimoja baada ya kingine kwa mwanga hafifu ni kuwaharibia watu macho, na kamati haitalianzisha mpaka taa zipatikane.

Mwezi Mtukufu wa Ramadhani tulisimamisha madarasa yote isipokuwa bao, lililofanyika baada ya tarawehe kwa ombi la wanafunzi wenyewe. Wakati wa masika mahudhurio yalipungua, hasa kwa wanaotoka nje ya mji. Mwalimu wa Pangani alifika hata siku ambazo barabara ilikuwa mbaya, na mara nyingine akakuta wanafunzi wachache sana. Kamati iliagiza alipwe nauli yake kila alipofika, awe amefundisha mmoja au wengi, na tunaomba mkutano uidhinishe utaratibu huo uwe wa kudumu kwa walimu wote.

Ada itabaki ilivyo. Wasioweza kulipa wataendelea kuchangia kwa kazi, kama vile kufagia vyumba, kuanika ukindu na kutunza vyombo vya muziki, na majina yao yasisomwe mkutanoni, jambo ambalo naliomba kwa msisitizo kwa kuwa kusomwa kwa majina kulijitokeza mwaka huu na kumuumiza mwenzetu.

Mambo matatu yako mbele yenu kwa uamuzi: pendekezo la kutotoa vyeti na kuanzisha maonyesho ya mwisho wa muhula, utaratibu wa nauli za walimu, na kibali cha kutumia sehemu ya akiba kununua taa na gita moja zaidi, kwa kiasi atakachokisoma mweka hazina. Muda wa kamati hii unamalizika leo, na baada ya mahesabu kupokelewa tutakabidhi vitabu, funguo na orodha ya mali kwa kamati mtakayoichagua.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti, kwa niaba ya Kamati Tendaji