Idi Njema kutoka Mtaa wa India, Bagamoyo

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, shikamooni. Kaka, dada, wajomba, mashangazi, na nyie watoto mliovaa nguo za sikukuu kabla hata ya kuoga: Idi Mubarak. Mwezi umeandama, funga imekwisha, Mwenyezi Mungu atutakabalie swaumu zetu na visomo vyetu. Waliofuturu nasi Ramadhani iliyopita na mwaka huu hawapo, Mungu awarehemu. Wagonjwa awape afueni. Na nyie majirani zetu wa Misheni ya Kikatoliki, mliovumilia ngoma za daku mwezi mzima bila kununa, sahani zenu za pilau zimeshatengwa. Msisubiri kuitwa mara mbili.

Salamu hizi ni za wote, ila nina la kusema zaidi na wale ambao familia zao zina nyumba Mji Mkongwe wa Bagamoyo, hasa hapa Mtaa wa India, na ambao siku hizi mbili tatu watakaa mkeka mmoja na ndugu wasioonana nao tangu Idi iliyopita.

Kwanza habari za mtaani. Mwaka huu vijana na akina mama wa biashara walianza kazi mapema, tangu Shaabani. Baraza zilisuguliwa, mitaro ikazibuliwa, taa zikafungwa pale penye giza karibu na magofu, na kuta zikapakwa chokaa. Chokaa nasema, si rangi ya mafuta, na tulibishana sana juu ya hilo. Kuna kijana alikuja na ndoo ya rangi ya buluu inayong'aa, kajitolea mwenyewe kwa nia njema kabisa, na ilibidi tumwombe aipeleke kwenye kibanda chake cha simu. Kibanda kimependeza.

Kwa nini chokaa? Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa jua likiwaka. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unaopanda kutoka msingini pamoja na chumvi ya bahari hauna pa kutokea. Unabaki ndani, unakula chokaa polepole, na baada ya mvua za miaka kadhaa lipu inabanduka ikiwa imebeba na jiwe lake. Fundi akikwambia saruji ni imara zaidi, anasema kweli, kwa nyumba ya matofali ya saruji. Kwa nyumba ya babu yako amekupa sumu.

Na paa vilevile. Dari za zamani zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba: upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Bati likitoboka, maji yanafuata boriti hadi kwenye ncha yake, pale inapoingia ukutani, na hapo ndipo inapoozea pasipo kuonekana. Siku ikishuka inavuta ukuta. Nyumba yenye watu, tundu la bati linajulikana usiku uleule, kwa sababu kuna mtu analowa. Nyumba yenye kufuli, tundu hilohilo linajulikana ukuta ukiwa barabarani.

Hayo ndiyo ninayotaka tuyazungumze Idi hii. Kinachozilinda nyumba zetu ni kukaliwa. Kibao cha kueleza historia ni kizuri, na mimi mwenyewe nimechangia kimoja, lakini kibao hakisikii mvua.

Tazameni majengo yaliyosimama mjini kwetu. Ngome Kongwe, iliyojengwa karibu mwaka 1860 kama nyumba ya mtu tajiri, ilipita mikononi mwa askari wa Kijerumani, ikawa jela, ikawa polisi, ndipo ikaja kwa watu wa idara ya Mambo ya Kale. Si historia ya kupendeza yote hiyo, lakini hapakukosekana mtu wa kuifagia. Misheni ilianzishwa 1868 na mapadre wa Roho Mtakatifu, na hadi leo kengele inagongwa, watu wanasali, na makumbusho yake yana picha za mji wetu ambazo sisi wenyewe hatukuzitunza. Jengo alilolitoa Sewa Haji Paroo mwaka 1896, tajiri aliyekuwa akiiuzia misafara ya bara nguo na shanga na kuitafutia wapagazi, alilikabidhi serikali ya Wajerumani kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo. Mwaka uliofuata akafariki. Watoto wamesoma humo vizazi kwa vizazi, na wengi wetu tulijua herufi a humo humo tukiwa miguu pekupeku.

Sasa mtaa wenyewe. Huu haukujengwa ili watu waje kuupiga picha. Chini duka, juu familia, nje baraza. Pembe za ndovu, sandarusi, nta na ngozi ziliteremka kutoka bara, nguo na waya zikapanda. Wapagazi wa Kinyamwezi walifika kwa maelfu, wakilala mji mzima umejaa moshi wa majiko yao. Mwaka 1888 Wajerumani wakaifanya Bagamoyo makao yao makuu, na mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwa kuwa maji ya kwetu ni ya kina kifupi: jahazi linafika hadi ufukweni, meli ya moshi inasimama huko nje. Boma walilijenga hapa 1897, wakati makao makuu yameshaondoka. Kisha reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, na mzigo uliokuwa ukibebwa kichwani kwa miezi kadhaa ukapanda behewa. Mtaa wa India haukufa kwa uzembe wa wazee wetu. Biashara iliuhama.

Kwa hiyo tunapofufua mtaa, tusidanganyane kwamba zile enzi zitarudi. Wala tusiusubiri mtalii peke yake. Mgeni wa kutoka ng'ambo anapita na mwongozaji, anapiga picha ya mlango, anarudi hotelini ufukweni kula samaki. Nampenda, aje, lakini hawezi kuufanya mtaa uwe hai. Mtaa unahuishwa na mtu anayekuja kushonesha suruali, kunywa kahawa na kashata, kununua unga, kusuka nywele. Dar ni kilomita 70 hivi tu, na mwisho wa wiki watu wanatoka huko kwa mabasi na magari yao kutafuta upepo. Wakikuta mtaa una pa kukaa na pa kula, watakaa. Ramadhani hii mmejionea wenyewe: baada ya futari akina mama walipanga meza za vitumbua, kaimati, mihogo ya nazi na juisi ya ukwaju, wanafunzi wa TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, wakaleta dufu zao, na watu ambao hawajaukanyaga mtaa huu tangu harusi ya fulani walikuwa wamejazana hadi saa tano usiku. Hakuna aliyetoa hotuba. Ndiyo maana ilifana.

Wapo wanaoniambia tuhifadhi majengo lakini hayo ya utumwa tuyaache, yanatia aibu na yanachimbua ya watu. Nawaelewa. Humu mjini kuna wajukuu wa mabwana na wajukuu wa waliouzwa, na mara nyingi ni wajukuu walewale, mikono miwili ya mtu mmoja. Lakini zile pembe hazikujibeba. Na kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo ukiufuta utumwa unalifuta nalo. Sheikh Yahya bin Abdallah, tuliyemzoea kama Sheikh Ramiya, aliletwa pwani kutoka Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, akiwa mtoto, mtumwa. Alilelewa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki. Akafanya biashara ya samaki, akasoma, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria, njia ya kisufi, aliyefuatwa na watu kutoka mbali, na Waingereza waliposhika nchi akawa liwali wa mji uleule alioingia akiwa bidhaa. Alifariki mwaka 1931. Maulidi ya Bagamoyo yanajaza mji hadi leo. Mtoto anayepita mbele ya zawia, pale wanapokutana watu wa tarika, akijua hayo hapiti kama anavyopita asiyejua, na mimi sitaki mjukuu wangu asikie habari hiyo kwa mtalii.

Njia yote ile ya misafara, kutoka Ujiji hadi hapa, imo tangu 2006 kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Orodha ya awali si cheti, na hata cheti kikija, UNESCO haitapanda ngazi kuziba bati la shangazi yako.

La milango. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, lakini wanunuzi wanaozunguka mtaani kwetu huanzia hapo hapo. Anakuja mtu na pikapu, anazungumza vizuri, anakwambia mbao hii imeliwa na mchwa atakusaidia kuiondoa. Jueni kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaitaja milango na fremu za mbao zilizochongwa nchini kabla ya 1940 kuwa vitu vinavyolindwa, na kuvisafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa. Achilia mbali sheria. Ukishang'oa miimo, mawe ya juu hayana pa kukalia, na ufa unaanza wiki hiyohiyo. Ukiwa na shida ya fedha, sema. Mafundi wa kuchonga wapo hapa hapa Bagamoyo, wanaweza kuunga kipande kilichooza ukabaki na mfaa wako, ule ubao wa katikati ya mlango, na maua yake. Na kama mlango umeshatoka, basi angalau piga simu utuambie ulitoka nyumba ipi, tuandike.

Nimefika kwenye lililo zito. Nyumba nyingi za mtaa huu hazikuachwa kwa kukosa wenyewe. Zina wenyewe wengi mno. Babu alifariki, mirathi ikagawiwa mafungu kwenye karatasi, lakini nyumba haikatwi kwa kisu. Mmoja yuko Muscat, mmoja Mbagala, mmoja Tanga, wawili hawasemezani. Kila mmoja ana fungu, hakuna mwenye ufunguo. Ukipendekeza kupaua, unaulizwa unataka kuichukua? Ukinyamaza, mvua inaamua.

Kwetu pia palichimbika. Shangazi alidhani tunauza, akalia, akatukumbusha nani alizaliwa chumba gani. Tulipomwelewa na yeye akatuelewa, tulikubaliana jambo dogo tu: mmoja wetu anayekaa Bagamoyo awe msimamizi kwa barua yenye saini za wote, chumba cha chini kipangishwe kwa kodi ndogo, na kodi yote iingie kwenye matengenezo mpaka paa limalizike. Hakuna aliyepoteza fungu lake. Mama aliyepanga anauza chai na chapati asubuhi, na wakati wa vuli ndiye aliyetupigia simu kwamba ukuta wa nyuma umeanza kuvuja. Kwa kodi ile ndogo tumepata mlinzi, fundi wa kwanza na mwenyeji wa kumkaribisha mgeni.

Basi Idi hii, pilau ikishaliwa na kabla watoto hawajaanza kudai kwenda ufukweni kupanda bembea, zungumzeni. Msianze na nani ana haki zaidi, mtaharibu sikukuu. Anzeni na hati iko wapi na ufunguo uko kwa nani. Walio mbali wawekeni kwenye simu, wamuone bibi, waione na dari. Kama mirathi haijafunguliwa, Kadhi yupo na mahakama ipo, na ni rahisi zaidi wazee wanaoijua nasaba wakiwa bado hai. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nyie wa Dubai na wa Dar, sasa hakikisheni hiyo ngama ina paa.

Vijana wanarekodi wazee kwa simu, na wameshapata mengi: nani alikuwa na duka la kanga, sinema ilionyeshwa wapi, daktari gani alitibu kwa mkopo. Wazee wawili wanapingana vikali juu ya nyumba moja ya pembeni ilikuwa ya nani, na tumeamua kuandika maneno ya wote wawili na kutoamua.

Idi pili, baada ya Alasiri, tutakuwa barazani kwetu na kahawa, kashata na tambi. Leteni picha za zamani, barua, risiti, hata kadi za harusi. Hatuchukui cha mtu. Tunapiga picha yake, tunaandika majina, mnaondoka na mali yenu. Zilizogandia kwenye albamu msizibandue, zitapigwa humo humo. Na watoto waje na mifuko, mkono wa Idi upo ingawa ni mdogo.

Idi njema kwenu nyote. Tusameheane.

Jirani yenu wa Mtaa wa India