YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAMERA ZA ULINZI ZINAZOZIMIKA USIKU

Kwa Meneja wa Ufundi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mkataba wa kubadilisha kamera za jengo letu la fleti hapa Upanga, Dar es Salaam, ulitaja kamera 16 za mtandao zinazofanya kazi usiku na mchana, na picha kutunzwa siku 30. Hatujapata hata kimoja.

Giza likiingia tu, kamera za maegesho na lango huzimika, huwaka, huzimika tena. Mafundi wenu wameshabadilisha kamera mara mbili bila kupima umeme. Swichi mliyofunga, yaani kifaa kinachopeleka umeme na mtandao kwenye kamera kupitia kebo, inatoa wati 120 kwa kamera zote. Mchana kila moja inakula wati 5, jumla 80. Taa za infraredi, zinazoiwezesha kamera kuona gizani, zikiwaka inapanda hadi wati 9, jumla 144. Swichi ikizidiwa inakata umeme kwenye matundu ya mwisho, zilikochomekwa kamera za maegesho na lango. Tunataka ya wati 200.

Kamera ya lango ina kasoro nyingine. Kebo yake ni mita 85, haijavuka kikomo cha mita 100, ila waya wake ni alumini iliyopakwa shaba: ukwangueni kwa wembe, ndani ni mweupe. Umeme unapungua njiani. Tulilipia shaba tupu, kwa hiyo ivutwe kebo mpya, yenye ganda la kuhimili jua.

Kila kamera inarekodi megabiti 4 kwa sekunde, yaani gigabaiti 43 kwa siku. Zote 16 ni karibu 690. Diski yenu moja ya terabaiti 4 inajaa kabla ya siku 6, kisha inafuta za nyuma. Hata mkitumia H.265, mfumo wa kubana video, na kushuka hadi megabiti 2, siku 30 zinahitaji terabaiti zaidi ya 10. Leteni diski mbili za terabaiti 6, za kurekodi mfululizo, si za kompyuta ya mezani.

Saa ya mashine ya kurekodi nayo imeachwa kwenye majira ya China, saa 5 mbele. Tukio la saa mbili usiku linaandikwa saa saba usiku, tarehe ya kesho yake. Polisi wataupokeaje ushahidi huo?

Nywila kuu bado mnayo ninyi peke yenu. Ikabidhini kwa kamati. Picha hizi ni za wakazi na wageni wao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu.

Tunawapa siku 14. Malipo ya mwisho yatatoka baada ya kamera zote 16 kuwaka usiku kucha mbele ya mwakilishi wetu.

Katibu,
Kamati ya Wakazi