Mwanangu, chakula kimelipiwa, kinywaji bado

Mwanangu Zuhura,

Marahaba mama. Voisi yako ya hiyo safari yenu ya meli ya kitalii huko Ulaya nimeisikiliza mara mbili, maswali chungu nzima ndani ya dakika nne, nikasema nikijibu na mimi kwa voisi utasahau nusu, acha niandike. Mama yako kakaa hapa pembeni ananirekebisha na yeye meli aliyowahi kupanda ni boti ya Unguja tu, na alitapika toka tunatoka bandarini mpaka Forodhani.

Naanza na hilo la kama chakula mtalipia tena humo melini mana nimeona ndo linakunyima usingizi. Mimi miaka tisa nimebeba sahani kwenye hizo meli, baharia wa kweli siyo hawa wa vijiweni, na nikwambie kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Safari moja walipanda wazee wawili, mke na mume, nikawasikia kwenye korido wanaongea Kiswahili cha Tanga, nikasimama. Siku ya saba hiyo. Siku zote sita za nyuma wamekula juu kwenye bafe, na kila jioni wanapita mlangoni kwenye ukumbi wetu wanaona vitambaa vyeupe, glasi tatu tatu kila kiti, sisi tumevaa tai, wanageuza. Bibi akaniuliza, mwanangu pale tukikaa si tutauza nyumba? Na ule ukumbi walishaulipia toka siku wanakata tiketi! Usiku huo nikawakalisha mwenyewe, mzee nikamwambia unaweza kuagiza hata milo miwili, akaagiza samaki na mwanakondoo, akala vyote. Lakini ni usiku mmoja katika saba.

Kwa hiyo wewe na mumeo siku ya kwanza tu ingieni ukumbi mkubwa. Sheria ni rahisi, menyu isiyo na bei pembeni ya chakula basi kimeshalipiwa, ukiona bei imeandikwa hapo ndo mfuko unaguswa. Hizo restorenti ndogo ndogo za nyama choma ya kizungu na sushi zinalipiwa mbali, achaneni nazo. Uma na visu vikiwa vingi anza na vya nje uende ndani, ukikosea weita anabadilisha kimya kimya wala hakuna anayekucheka, tuna watu 400 wa kulisha tutakucheka saa ngapi. Wakiuliza muda, meli nyingi zina awamu mbili, ya saa kumi na mbili na kitu jioni na ya saa mbili na nusu usiku. Chukueni ya pili. Barcelona, Marseille, Naples huko mchana mtakuwa mnazurura, mkirudi mmechoka mkaambiwa mezani saa kumi na mbili mtaenda na jasho.

Halafu halali. Hilo usisubiri ufike, mwambie wakala aliyewakatia tiketi aiandikie meli sasa hivi, na usiku wa kwanza mwite mkuu wa maweita mwambie tena, yule ndo mwenye uwezo wa kuongea na jikoni. Meli nyingi anakuletea menyu ya kesho yake usiku huohuo unachagua mapema. Nyama ya nguruwe mle haiandikwi nguruwe, inaitwa prosciutto, pancetta, speck, mortadella, na inajificha kwenye tambi na supu. Sosi nyingine zinapikwa na waini. Tiramisu nayo mara nyingi ina pombe, uliza kabla ya kijiko siyo baada.

Sasa vinywaji, hapo ndo meli inapovuna. Bure ni chai, kahawa na maji kwenye bafe, na juisi ya asubuhi. Soda inalipiwa, juisi ya kukamua inalipiwa, na meli nyingi za Ulaya hata chupa ya maji mezani inalipiwa, weita anaifungua huku anatabasamu. Bebeni chupa zenu tupu mjaze kule bafe. Mtauziwa kifurushi cha vinywaji cha kila siku na mara nyingi hawakubali anunue mmoja, watu wazima wote wa kebini moja lazima wanunue, sasa nyie wanywa chai kifurushi cha nini? Pesa taslimu hamtaishika humo, mnagonga kadi ya mlango wa kebini, na kwa sababu haiumi kama kutoa noti mtu anagonga tu, siku ya mwisho anakuja mezani kwangu na risiti ndefu kama kanga anataka kulia. Kila usiku kabla ya kulala angalieni akaunti yenu kwenye tivii au simu. Na ada ya huduma ya kila siku wekeni kwenye bajeti, kwenye meli nyingi za huko ni euro 10 mpaka 15 kwa kichwa kwa usiku, msije mkasema baba hakusema. Chupa ya pombe mkiinunua bandarini wanaichukua wanakurudishia mkishuka, nimeandika tu kwa ukamilifu, mumeo simuulizi kitu.

Mizigo. Hapa mama yako kaninyang'anya simu mara mbili. Masanduku makubwa mnawapa wapagazi bandarini na yanaweza kufika kebini jioni kabisa, kwa hiyo pasipoti zenye visa, kadi ya njano ya chanjo, dawa, chaja, nguo za kuogelea na nguo moja ya jioni vikae kwenye begi la mkononi. Pasi usibebe, birika la umeme usibebe, mishumaa usibebe, na huo udi na chetezo uliosema utapiga kebini, Zuhura! Moto melini ndo kitu tunachokiogopa kuliko mawimbi, watakichukua pale pale kwenye mashine ya ukaguzi. Ekstensheni zetu hizi nazo wengi hawazitaki. Beba adapta mana plagi zetu za miguu mitatu haziingii kule. Sumaku zenye ndoano beba, kuta za kebini nyingi ni chuma, unatundika kofia na taulo. Jioni mumeo asiende ukumbini na kaptula na malapa, shati na suruali inatosha, usiku wa kupendeza avae koti, wewe vaa dera lako la zambarau, utawafunika wote. Na doti moja ya kanga isikose, Italia makanisani hawaingizi mabega wazi, na kwenye upepo wa deki ni shuka.

Kichefuchefu: kebini ya chini katikati ya meli ndo inayumba kidogo, tangawizi ya kutafuna, epo ya kijani na biskuti kavu, vidonge meza kabla siyo ukishaanza. Mikono oshea sabuni, ile dawa ya kupaka mlangoni kirusi cha kuharisha cha melini hakiiogopi sana.

Zoezi la dharura msilikimbie mkaenda kupiga picha. Costa Concordia ilipopinduka Italia Januari 13, 2012, wakafa watu 32, kuna waliopanda siku hiyohiyo walikuwa hawajafanya zoezi. Sisi tulioona misiba ya MV Bukoba hatufundishwi hilo.

Mkishuka bandarini rudini mapema, saa ni ya meli siyo ya simu, haisubiri mtu. Na usiku wa mwisho sanduku linatolewa nje ya mlango likachukuliwe, bakiza nguo ya asubuhi, nimemwona kwa macho yangu mzee wa Kijerumani anashuka na pajama na soksi.

Alhamisi mkishuka SGR njooni moja kwa moja hapa Temeke na mabegi yenyewe. Nimeazima mzani wa muuza nyama wa hapa mtaani. Ndege imewapa kilo 23 kila mmoja, mimi nataka muondoke na 17, viatu vya Italia mnavijua wenyewe. Chetezo nitakitoa mimi mwenyewe.

Baba yako