Barua kwa mwanangu: chura wa tunduni

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, umeniuliza uanzie wapi na hao vyura watatu wa Amazon uliokabidhiwa, waitwao vyura wa maziwa (ya kunywa, si ziwa la maji). Anza na tundu.

Chura huyu, Trachycephalus resinifictrix, huishi juu kwenye vilele vya miti ya msitu wa Amazon na ni nadra ashuke chini. Dume hukaa ndani ya tundu la mti lililojaa maji ya mvua, na usiku huita majike kutoka humo. Viluwiluwi hukulia humo humo. Chakula ni haba, basi dume huita jike aje kutaga tena, na viluwiluwi wa kwanza huyala mayai mapya. (Usimhukumu.) Emílio Goeldi, mtaalamu wa wanyama aliyempa jina mwaka 1907, alidhani chura mwenyewe ndiye anayelisiliba tundu kwa ulimbo, dhana hiyo imebaki ndani ya jina: resinifictrix ni mfinyanzi wa ulimbo.

Kwa hiyo tangi liwe refu: sentimita 45 kwa 45, kimo 60. Weka vipande vya mwanzi vinavyomtosha chura kugeuka, uviinamishe ili maji yatuame chini. Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24. Ikiwa kwenu hutiwa kloramini, dawa nyingine ya kusafishia maji isiyopotea hewani upesi, kuyaacha hakusaidii, tumia dawa ya kuiondoa. Joto liwe nyuzi 24 hadi 28, usiku lisishuke chini ya 20. Nyunyiza asubuhi na jioni, ila majani yapate kukauka katikati. Tangi chafu linaloloa saa zote huzalisha bakteria, na utaona mapaja yamekuwa mekundu kwa ndani.

Mkubwa mpe nyenje wanne au watano kila baada ya siku mbili, wasizidi upana wa nafasi kati ya macho yake. Wapake unga wa kalsiamu wenye vitamini D3. Bila huo taya hulegea na miguu hutetemeka. Asubuhi ondoa nyenje waliobaki, maana humtafuna chura aliyelala. Mdogo usimchanganye na mkubwa, ataliwa.

Ukilazimika kumshika, vaa glavu zisizo na poda, ulizozilowesha. Akitoa utomvu mweupe unaonata, umemtisha: mrudishe, nawa, usijiguse macho.

Usiku wa leo taa zikizimwa, chungulia mianzi. Ukikuta hakuna aliyeingia, ipandishe juu zaidi.

Mamako