Pesa ya neti

Leeds, Uingereza
Januari

Mdogo wangu Nafula,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Baraka ameruhusiwa kutoka hospitali, na ameomba uji! Nililia hapo hapo kazini, sikujali nani ananiona.

Ulisema pesa niliyotuma ilimaliza bili. Usiku nilishika kalamu nikapiga hesabu yote. Siku tatu za panadol na dawa ya mafua kutoka duka la dawa, maana sote tulidhani ni baridi ya Nairobi tu. Teksi ya saa nane usiku. Kitanda, dripu, sindano za malaria kali, damu. Halafu yale yasiyo kwenye risiti: kibanda chako cha mboga kimefungwa siku tisa, nyanya zimeoza, umekopa mchango wa chama kwa jirani, na Baba Baraka amekosa mjengo siku nne akibaki na mtoto mdogo. Nikijumlisha hayo, Nafula, yanaizidi bili. Na AL, ile dawa ya malaria ya kumeza siku tatu ambayo ingetosha kama tungempima mapema, ndiyo nafuu kuliko vyote. Kwenye vituo vya serikali hutolewa bure ikiwepo.

Nimefikiria pia ile damu. Kuna mtu aliyenyoosha mkono wake ikatolewa, na ingemfaa mama aliyejifungua usiku ule. Na yule muuguzi uliyesema hakuketi hadi asubuhi.

Malaria hii haikutoka Kayole. Baraka aliibeba Busia, kwa kukhu, nyanya yake, likizo ya Desemba. Sisi tuliokulia kule tuliugua mara nyingi hadi mwili ukazoea kidogo; mtoto wa Nairobi hana kinga hiyo. Tena homa huanza kama siku 10 hadi 15 baada ya mbu kuuma, mmesharudi mjini na kijiji mmekisahau. Mwaka 2023 malaria iliua watu karibu 597,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika wasiofika miaka 5. Baraka ana miaka 4. Siwezi kuiondoa hiyo kichwani.

Mwambie pia mke wa kaka kule Busia asikose kumpeleka mtoto chanjo ya malaria. Ilianza Homa Bay mwaka 2019, na Busia ipo. Ni dozi 4, na ile ya mwisho huja baada ya muda mrefu, ndiyo watu huisahau.

Jumatatu nitatuma pesa. Hii si ya bili. Nunua neti mbili zenye dawa za kwenda nazo Aprili, pesa itakayobaki iwekwe kama akiba ya vipimo. Mkirudi, mtoto akichemka mwili, usingoje nitume kitu, wala usipitie duka la dawa. Mpeleke siku hiyo hiyo, na kabla hawajakuuliza lolote sema: tulikuwa Busia.

Mpe Baraka uji zaidi.

Dada yako,
Nekesa